Maonyesho ya Tingatinga yaletwe uswahilini pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie wachoraji wa Tingatinga, mtindo wa picha za rangi uliopewa jina la mwanzilishi wake, wale wa Morogoro Stores, Oysterbay, hapa Dar es Salaam. Ombi langu ni moja: maonyesho yao yaletwe na huku tunakoishi wengi, Mbagala, Temeke na Gongo la Mboto, yasiishie upande ule wa jiji na ughaibuni.

Sanaa hii ni ya watu wa hali yetu tangu mwanzo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kufika Dar es Salaam. Alipoanza kuchora mwaka 1968 alitumia vilivyopatikana madukani: vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli. Akawafundisha ndugu na jamaa zake. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafariki. Vijana wake hawakutawanyika. Waliendelea kushikana hadi mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika, na hadi leo wapo.

Ukifika pale utamkuta fundi ameinamia kitambaa kilichowambwa kwenye fremu. Kwanza anapaka rangi ya nyuma, nzito juu na inafifia kadiri inavyoshuka, kisha anaianika. Ikikauka ndipo anamweka mnyama au ndege, kwa rangi ya mafuta ya kopo, ile ile tunayopakia milango na mageti. Madoa ya kanga anayadondosha moja moja kwa ncha ya brashi. Mstari wa penseli unafutika, rangi ile haifutiki, kwa hiyo mkono lazima uwe na uhakika.

Watalii hununua zaidi tembo na twiga, na siwalaumu wachoraji kuchora kinachowapa riziki. Lakini zipo picha nyingine ambazo kwangu mimi ndizo bora kabisa: kijiji kizima siku ya harusi, soko, wodi ya hospitali, mganga na wateja wake, mashetani wa hadithi za bibi. Mohamed Charinda, naye mtu wa Tunduru, alizichora hadithi za namna hiyo kwa ufundi mkubwa. Picha hizi zinamtaka mtazamaji anayeyajua maisha yaliyomo. Mtazamaji huyo yuko Mbagala.

Nasema hivi kwa ushahidi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na niliwahi kuwapeleka wanafunzi wangu pale. Kwenye twiga walipita haraka. Kwenye picha ya hospitali waliganda, wakabishana nani mgonjwa na nani kamsindikiza mwenzake. Msichana mmoja akasema nesi yule amechoka, tazameni alivyosimama. Sijapata kusikia mjadala kama ule darasani. Tatizo ni nauli: kukodi basi kutoka huku ni mzigo kwa wazazi, na shule nyingi haziwezi kabisa.

Basi picha ndizo zije. Viwanja vipo, Zakhem na Mwembe Yanga, na manispaa ingewaachia wachoraji bila kuwatoza ushuru kwa siku mbili tatu za wikiendi. Kila picha iandikwe kwa Kiswahili jina la mchoraji, kisa chake na bei, maana wengi wetu tunaogopa hata kuuliza tukidhani ni vitu vya wazungu. Wachore na vibao vidogo ambavyo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kununua akatundika sebuleni. Na fundi mmoja akae pale pale akichora mbele ya watu. Hilo litavuta umati kuliko spika yoyote.

Viongozi wa ushirika na maofisa utamaduni wa manispaa wakae pamoja wapange tarehe. Wakiitangaza mapema, sisi walimu wa huku tutawaleta watoto kwa miguu.

Mwalimu,
Temeke, Dar es Salaam