Kware na kuku banda moja: kwa nini tunawaambia wateja wawatenganishe

Mteja anayenunua vifaranga wa kware huku kuku anao tayari huuliza jambo moja: banda lipo, nafasi ipo, je, awaweke humo humo? Jibu letu ni hapana, hata banda likiwa kubwa. Mfugaji mmoja anaweza kufuga kware na kuku katika ua mmoja bila shida. Wasichangie chumba, maranda wala chombo cha maji.

Sababu ya kwanza huonekana siku ile ile. Kware mzima wa kutaga ana gramu 150 hadi 200 hivi, na kuku wa mayai ana kilo moja na nusu hadi mbili. Kuku hupangana vyeo kwa mdomo, na mgeni hudonolewa mpaka ajue nafasi yake. Mgeni akiwa kuku, atakimbia, atapanda juu ya fito, na siku chache baadaye mambo yatatulia. Kware hapandi fito. Yeye huishi chini, hujibana kwenye kona, na ngozi ya kichwa na mgongo wake huchanika upesi. Damu ikionekana, kundi zima la kuku hugeukia pale pale. Hata kuku wapole kabisa humkanyaga wanapofukua maranda.

Kware akishtuka huruka wima kama mshale. Ndani ya banda la kuku atajigonga kichwa kwenye boriti au bati, na wengi hufa kwa pigo hilo hilo. Akipata upenyo wa mlango, mhesabu amepotea, kwa sababu kware hana tabia ya kurudi bandani jua linapozama kama kuku.

Mayai nayo yana hasara yake. Kware hutaga popote sakafuni, mara nyingi alasiri na jioni, wakati kuku wengi wameshamaliza kutaga. Yai lake lina gramu 10 hadi 12 na ganda jembamba. Kuku akilidonoa na kuonja utamu wake, hujifunza kula mayai, kisha huhamia kwenye mayai yake mwenyewe na kuwafundisha wenzake. Tabia hiyo ikishaingia kundini ni vigumu sana kuiondoa.

Hayo yote mtu anaweza kuyaona kwa macho. Kinachotusumbua zaidi ni magonjwa, kwa kuwa kuku anayeonekana mzima kabisa ndiye anayeyaleta.

Chukua mafua ya kuku, yale yanayovimbisha uso na kutoa kamasi yenye harufu mbaya. Kuku aliyeugua akapona hubaki na bakteria mwilini na kuwatoa kwa muda mrefu kupitia maji ya kunywa. Kware wakinywa chombo hicho huambukizwa. Mikoplazma, inayoleta kukoroma na macho yenye povu, hupita njia hiyo hiyo na pia kwenye yai kwenda kwa kifaranga.

Ugonjwa unaowamaliza kware kuliko wote ni vidonda vya utumbo, unaoletwa na bakteria aitwaye Clostridium colinum. Kware ndiye ndege anayeathirika vibaya zaidi. Utaona kinyesi cheupe chenye majimaji, ndege aliyejikunyata, au maiti ya ndege mnene ambaye jana alikuwa anakula vizuri. Kuku pia huupata, hasa akiwa amedhoofishwa na kuhara damu. Mbegu za bakteria huyu hukaa kwenye udongo na maranda muda mrefu sana, kwa hiyo kufagia peke yake hakutoshi. Sasa fikiria usiku: kuku wamelala juu kwenye fito, kware wako chini, na kinyesi kinawadondokea mpaka asubuhi.

Hatari hutoka upande wa pili pia. Kware huvumilia kideri (mdondo, ugonjwa wa virusi) kuliko kuku, na kwa sababu hiyo anaweza kubeba virusi na kuvimwaga bila kuonyesha dalili kubwa. Homa ya mafua ya ndege nayo humwingia kware kwa urahisi. Kwa hiyo chanjo ya kuku iendelee kwa ratiba yake hata baada ya kuwatenganisha.

Wateja wengine wamesikia kwamba koksidia, vijidudu vya kuhara damu, haviruki kutoka kuku kwenda kware. Ni kweli, kila jamii ya ndege ina aina zake. Lakini maranda yenye unyevu huzikuza aina zote mbili pamoja, na magonjwa mengine tuliyoyataja hayachagui.

Chakula ni tatizo la polepole. Kifaranga wa kware anahitaji protini asilimia 24 hadi 27, wakati chakula cha vifaranga wa kuku wa mayai huwa na 18 hadi 20. Akilishwa hicho atadumaa, manyoya yatachelewa, na wataanza kudonoana. Ukikosa chakula cha kware, tumia cha kuanzia cha bata mzinga, ukikisaga tena kiwe laini, maana punje zake ni kubwa kwa mdomo ule mdogo. Kosa baya zaidi ni kuwaacha vifaranga wa kware wale chakula cha kuku wanaotaga. Kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, na kiasi hicho huharibu figo za ndege ambaye bado hajaanza kutaga. Kuanzia wiki ya 6 kware hubadilishiwa chakula cha kutagia chenye protini 18 hadi 20 na kalsiamu 2.5 hadi 3.

Tunaulizwa pia kuhusu kumwatamisha kuku mayai ya kware. Kuku mzito huyavunja. Ukiyachanganya na ya kwake, ya kware huanguliwa siku ya 17 au 18 na ya kuku siku ya 21. Koo akisikia vifaranga wa kwanza anaweza kuondoka kiotani na kuyaacha mayai yake yapoe. Kisha atawakanyaga vifaranga wenye gramu 7 au 8. Tumia mashine ya kuangulia.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Kware wawe na jengo lao, hatua kumi au zaidi kutoka kwa kuku, upande ambao upepo unatoka. Kama paa ni moja, jenga ukuta usio na tundu kutoka sakafuni hadi kwenye bati, kila upande na mlango wake, na maji ya kusafishia banda la kuku yasitiririkie kwa kware. Wavu pekee si ukuta, kwa sababu vumbi na matone hupita.

Kizimba cha kware 20, majike 16 na madume 4, kiwe na urefu wa sentimita 100 na upana wa 80. Kimo kisizidi sentimita 30, ili anaporuka asipate kasi ya kujiumiza. Wavu wa sakafu uwe wa matundu ya milimita 12. Wavu wa kuku wa milimita 25 humnasa mguu. Sakafu ishuke sentimita 8 kutoka nyuma hadi mbele ili mayai yajisogeze yenyewe. Kona ya nyuma weka trei ya mchanga mkavu wa kuogea, na chini ya wavu trei ya kinyesi ya kumwaga kila siku. Vifaranga walelewe kwenye kasha lenye kitambaa sakafuni, si gazeti, kwa kuwa gazeti huteleza na miguu hutanuka. Joto lianze nyuzi 35 hadi 37, lishuke nyuzi 3 hivi kila wiki. Kwenye kinyweshi chao jaza gololi au kokoto safi, la sivyo watazama.

Kila siku anza na vifaranga wa kware, kisha kware wakubwa, mwisho kuku. Usirudi kwa kware kabla ya kubadili viatu na kunawa. Ndoo, koleo na trei za mayai zisihame. Ndege wapya watengwe siku 30.

Kama tayari umewachanganya, waondoe kware leo, uwapeleke mahali ambapo kuku hawajawahi kukaa, na uwaangalie siku 14. Akifa mmoja, usikimbilie kununua antibiotiki kwa kukisia. Mpeleke kwa daktari wa mifugo mapema, akiwa amepoozwa kwenye barafu bila kugandishwa, apasuliwe. Dawa ya mafua huenda isitibu vidonda vya utumbo.

Unapoagiza kizimba kwetu, njoo na idadi ya kware, umbali kutoka banda la kuku lilipo, na upande ambao upepo huvuma zaidi. Kwa hayo matatu tunaweza kukuonyesha mlango uwekwe wapi kabla fundi hajakata mbao.