Barua kutoka Edmonton: hilo la kuitwa Nairobi

Mume wangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Mimi mzima, alhamdulillahi. Mpe mama shikamoo yangu, na mwambie pesa za dawa za presha nimeshazituma.

Simu ya jana imeninyima usingizi. Unaongea kama mtu aliyekwisha kunyimwa ukaazi wa Kanada, na faili lenyewe la maombi bado liko hapa mezani kwangu. Ati vijana wa barazani wanakwambia kila anayedhaminiwa na mkewe aliye Kanada huitwa Nairobi kwa mahojiano kwenye ubalozi wa Kanada, akaulizwa mke hulala upande gani wa kitanda, na akikosea ndiyo basi. Halafu kuna ajenti anataka pesa akufundishe majibu. Tafadhali, usimpe hata shilingi.

Mahojiano si lazima. Maombi mengi ya mume na mke huamuliwa kwa karatasi tu. Afisa akisoma akaridhika kwamba ndoa ni ya kweli, hana haja ya kukuita. Anaita pale karatasi zilipomwachia swali. Na swali lenyewe liko kwenye kifungu cha 4 cha kanuni za uhamiaji za Kanada: ndoa hukataliwa ikiwa si ya kweli, au ikiwa ilifungwa hasa kwa ajili ya kupata makaratasi. Tangu mwaka 2010, moja kati ya hayo mawili latosha. Yaani hata watu wanaopendana leo wanaweza kukataliwa, afisa akiamini kwamba siku ya nikaha kilichotafutwa ni Kanada.

Sasa hebu tujitazame kama mtu asiyetujua. Nimekuzidi miaka 6. Una talaka na mtoto. Tulioana ndani ya likizo yangu, watu wachache, hakuna ngoma, hakuna kupambwa. Hakuna kosa hata moja hapo, lakini afisa wa Nairobi anazijua harusi za pwani, na atajiuliza mbona hii imekuwa kimya hivi. Basi tumjibu kabla hajauliza. Fomu ya maelezo ya uhusiano, ile IMM 5532, ina nafasi ya kueleza, nami nimeandika wazi: baba yangu alikuwa amefariki karibuni, nyumba ilikuwa na msiba, ndiyo maana ami ndiye aliyeniozesha. Nakala ya cheti cha kifo naiambatisha.

Picha nazo zimenifikirisha sana. Nzuri kuliko zote ni ile ami amekushika mkono, umeinamisha kichwa unaitikia, na kanzu yako bado ina mikunjo ya dukani. Lakini mimi simo! Sisi tunajua bibi harusi huwa ndani na wanawake. Mgeni ataona bwana harusi hana mke. Na hili si dogo, kwa sababu tangu Juni 2015 Kanada haitambui kwa udhamini ndoa ambayo mmoja hakuwepo mwenyewe, zile nikaha za simu ambazo jamaa zetu wengi wamefunga. Kwa hiyo nimeweka na ile picha ninayotia sahihi mbele ya shehe, kalamu mkononi na hina bado nyeusi, pamoja na tiketi yangu na ukurasa wa pasipoti wenye muhuri wa kuingia Mombasa. Chini ya kila picha nimeandika nani ni nani na siku gani.

Binti yako lazima aandikwe kwenye fomu, hata kama ataendelea kuishi kwa mama yake. Najua shemeji amekushauri umwache nje ili mambo yawe mepesi. Usimsikilize kwa hili. Mtoto asiyetajwa na asiyepimwa afya anaweza kukosa kuletwa hapo baadaye. Na kuficha jambo ni uongo mbele yao, adhabu yake ni kuzuiwa kuingia Kanada miaka 5. Siwezi kumfungia mtoto mlango kwa mkono wangu.

Ukiitwa hata hivyo, nenda na nafsi yako. Watakuuliza tulijuana vipi, nani alitoa posa, mimi nafanya kazi gani, tunaongea saa ngapi. Haya yote unayajua. Unajua nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na kwamba nikitoka asubuhi ndipo nakupigia, kwenu ikiwa jioni. Ajenti hawezi kukufundisha maisha yako. Usilolijua, sema hujui. Ukitaka mkalimani, sema mwanzo kabisa, usione haya. Wakinipigia na mimi, nitasema yale yale kwa kuwa ndiyo yaliyotokea.

Wakikataa, nina siku 30 za kukata rufaa huku, na naweza kuomba maandishi ya afisa kwa dola 5 nijue kilichomtia shaka. Mama aliuliza pia kama mshahara wangu utatosha. Kwa mume hawaweki kiwango cha chini cha kipato. Mimi naweka sahihi kwamba nitakutunza miaka 3 tangu upate ukaazi, nami naiweka kwa moyo mmoja.

Kinachonitia wasiwasi kwa kweli ni hati ya talaka. Uliyonitumia haina muhuri. Nenda mahakama ya kadhi wiki hii ukaombe nakala iliyothibitishwa, kwa sababu tarehe yake lazima iwe kabla ya nikaha yetu na isomeke vizuri. Chukua pia taarifa ya M-Pesa tangu tulipooana. Cheti cha tabia njema anza kukishughulikia sasa, foleni isikukute.

Piga picha pande zote za kila karatasi, hata zilizo tupu, unitumie. Nikivipata vyote, faili naliwasilisha.

Nakupenda, na ninakungoja.

Mkeo