Kwa Nini Nyumba ya Mita 40 Haigharimu Nusu ya Ile ya Mita 80

Vijana wanaotafuta nyumba yao ya kwanza hutuuliza sisi wachoraji wa nyumba swali hili mapema kabisa: ikiwa eneo ni nusu, mbona bei haijashuka nusu? Wengi huliuliza kwa uchungu. Wameshakaa na kikokotoo, wakagawa bei kwa mita za mraba, wakakuta nyumba ya eneo dogo ndiyo yenye bei ya juu zaidi kwa kila mita. Wanahisi wanaibiwa. Swali lao ni la haki, na anayelielewa jibu lake hubadilika katika namna ya kuchagua nyumba, ya kukopa na hata ya kusoma ramani.

Chukua nyumba mbili za umbo la kawaida. Ya kwanza ni mita 8 kwa 10. Eneo lake ni mita za mraba 80, na ukizunguka nje ukapima kuta zake unapata mita 36. Ya pili ni mita 5 kwa 8: eneo ni mita 40, mzunguko ni mita 26. Eneo limepungua nusu, lakini kuta za nje zimepungua mita 10 tu, hata theluthi haifiki. Msingi hufuata kuta. Lenta, ile boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha, hufuata kuta. Plasta na rangi ya nje vivyo hivyo. Vinavyopungua nusu au karibu na nusu ni jamvi (zege la sakafu), dari na paa.

Halafu kuna jiko na bafu. Chumba cha kulala ni sakafu, kuta nne, mlango na dirisha. Bafu lina mabomba ya kuingiza maji na ya kuyatoa, choo, sinki, vigae hadi ukutani, na fundi bomba wa kuviunganisha vyote. Mita moja ya bafu hugharimu mara kadhaa ya mita moja ya chumba cha kulala. Mtu akiamua kujenga nyumba ya eneo dogo, anachoondoa ni vyumba vya kulala na sehemu ya sebule, yaani zile mita za bei nafuu. Mita za ghali zinabaki palepale. Zinabaki pia gharama za kuvuta umeme na maji, mfumo wa maji taka, kuchora ramani na kupata kibali. Na kiwanja ni kilekile, uweke juu yake mita 40 au 200.

Kwa hiyo bei kwa kila mita ya mraba ni kipimo kibovu cha kulinganishia nyumba za ukubwa tofauti. Tunasema hivyo tukijua kwamba ndicho kipimo kinachotumiwa katika matangazo mengi. Anayenunua kwa mara ya kwanza atazame namba mbili tu: jumla ya fedha zitakazomtoka hadi apewe ufunguo, pamoja na ada za wakili, uthamini, usajili wa hati na bima, na kiasi atakacholipa kila mwezi.

Mkopo ndio unaoamua ukubwa

Tuifanye hesabu kwa kila 100 unazokopa, ili itumike kwa fedha yoyote. Riba ikiwa asilimia 12 kwa mwaka na muda ukiwa miaka 20, utalipa takriban 1.10 kila mwezi, na mpaka unamaliza utakuwa umetoa kama 264. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, 1.00 nzima ni riba. Kinachopunguza deni ni 0.10 tu. Baada ya miaka mitano ya kulipa bila kukosa hata mwezi mmoja, bado unadaiwa karibu 92.

Watu wengi wakibanwa na malipo ya mwezi huomba muda uongezwe. Ongeza hadi miaka 25: malipo yanashuka kutoka 1.10 hadi 1.05, na jumla inapanda kutoka 264 hadi 316. Nafuu ni ndogo mno na gharama yake ni kubwa. Lakini ukikopa pungufu kwa robo, malipo ya mwezi yanapungua robo, riba inapungua robo, na mara nyingi hata malipo ya awali, ambayo ndiyo ukuta wa kwanza kwa vijana wengi, yanapungua robo. Hakuna njia nyingine ya kupunguza mzigo wa mkopo iliyo ya uhakika hivi na iliyo mikononi mwako mwenyewe.

Hapo ndipo nyumba ya eneo dogo inapoonyesha thamani yake hata kama kila mita yake ni ghali. Chumba cha tatu ambacho hukihitaji kwa miaka sita ijayo, ukikinunua leo kwa mkopo wa namna hiyo, utakilipia zaidi ya mara mbili na nusu ya bei yake, huku kikikaa na masanduku. Mahali ambapo riba ni asilimia 6, malipo kwa miaka 20 ni kama 0.72 kwa mwezi na jumla ni 172, hivyo kosa la kununua nyumba kubwa kupita mahitaji halimuumizi mtu kiasi hicho. Riba inavyopanda ndivyo kila mita ya ziada inavyozidi kuwa adhabu.

Hesabu hiyohiyo inatufanya tuwaambie baadhi ya wateja wasinunue kwa sasa. Ikiwa kazi yako inaweza kukuhamisha ndani ya miaka mitatu au minne, utauza ukiwa bado unadaiwa karibu kila kitu, na ada za kununua na kuuza zitameza kile kidogo ulichopunguza. Kupanga nyumba kwa kipindi hicho si aibu hata kidogo.

Kwa nini nyumba hizi ni adimu

Vijana hawakukosea kuona kwamba sokoni hakuna nyumba za kuanzia maisha. Mara nyingi sheria za ardhi ndizo zilizozifuta. Mamlaka ikiweka kiwango cha chini cha ukubwa wa kiwanja, au ikidai nafasi za magari kwa kila nyumba, mjenzi aliyenunua ardhi ghali hana sababu ya kuweka juu yake nyumba ya vyumba viwili. Marekani inaonyesha mwelekeo huo vizuri kwa kuwa takwimu zake zimetunzwa: nyumba mpya ya familia moja, ile ya kati kwa ukubwa, ilikuwa na kama mita za mraba 142 mwaka 1973, na ikafika 229 mwaka 2015, wakati idadi ya watu katika kaya ilikuwa inapungua. Nchi hiyohiyo ilikuwa imejenga maelfu ya nyumba za kama mita 70 huko Levittown, kitongoji kilicho karibu na New York, kuanzia 1947, zenye vyumba viwili na nafasi ya juu chini ya paa iliyoachwa wazi ili familia iimalizie baadaye. (Familia za watu weusi zilizuiwa kuzipata nyumba hizo, na jambo hilo halifai kuachwa kila Levittown inaposifiwa.)

Sheria zilizoziba njia zinaweza pia kuifungua. Mji wa Houston, hukohuko Marekani, mwaka 1998 ulishusha kiwango cha chini cha kiwanja katika eneo lake la ndani kutoka kama mita za mraba 465 hadi 130, na mwaka 2013 ukapanua kanuni hiyo nje ya eneo hilo. Penye nyumba moja pakasimama mbili au tatu zinazogawana gharama ya ardhi. Kabla hujatafuta nyumba, ulizia kanuni za mahali unapopataka: kiwango cha chini cha kiwanja, kiwango cha chini cha eneo la nyumba, na kama nyumba mbili zinaruhusiwa katika hati moja. Viwango vya eneo vina sababu yake. Uingereza, kwa mfano, katika viwango vyake vya kitaifa vya 2015, iliweka mita 37 kuwa chini kabisa kwa makazi ya mtu mmoja yenye bafu la kuoga kwa mvua. Chini ya hapo sisi pia tunasita, isipokuwa kwa mtu anayejua hasa anachokitaka.

Nusu ya nyumba nzuri

Sasa tufike kwenye jambo tunalolipigania kila tunapochora. Mwaka 2004, mjini Iquique nchini Chile, mbunifu Alejandro Aravena na ofisi yake ya ELEMENTAL walimaliza makazi ya Quinta Monroy kwa familia zipatazo 100 zilizokuwa zikiishi kwenye ardhi ghali katikati ya mji. Ruzuku ilikuwa dola 7,500 kwa kila familia, na humo kulipaswa kutoka kiwanja, miundombinu na jengo. Fedha hiyo isingetosha kwa nyumba ya kueleweka. Wao wakageuza swali: kama fedha zinatosha mita 40, kwa nini zihesabiwe kuwa nyumba ya mita 40, badala ya nusu ya nyumba nzuri ya mita 80? Wakajenga ile nusu ambayo familia isingeweza kuijenga vizuri peke yake: nguzo na kuta kuu, ngazi, jiko, bafu. Nusu iliyobaki wakaiacha kama nafasi wazi iliyokwisha kuandaliwa, na wenyeji wakaijaza kadiri walivyopata. Aravena alipewa Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya wabunifu wa majengo, mwaka 2016.

Huhitaji ruzuku wala mbunifu maarufu kufuata wazo hilo. Unahitaji kuchora nyumba nzima siku ya kwanza na kujenga sehemu yake. Ukichora mita 40 peke yake, siku ya kuongeza chumba utakuta shimo la maji taka liko pale chumba kinapotakiwa kukaa, paa limeinamia upande huo hadi dari ya chumba kipya itakuwa kichwani, na ukuta unaotaka kuutoboa una bomba la maji na nyaya. Tumeona nyumba ambazo kuzipanua kuligharimu karibu sawa na kujenga upya, kwa sababu hakuna aliyefikiria mwanzoni.

Mambo yenyewe ya kuandaa ni ya bei ndogo. Isogeze nyumba upande mmoja wa kiwanja badala ya kuiweka katikati. Paa liinamie upande ambao hutajenga. Bodi ya umeme iwe na nafasi za ziada, na kipande cha bomba kilichozibwa kiachwe kikielekea upande wa chumba kijacho. Na pale mlango wa baadaye utakapokaa, weka dirisha la upana uleule wa mlango: lenta itakuwa tayari juu yake, na siku ikifika fundi atakata tofali za chini ya dirisha tu, bila kugusa kitu kinachobeba uzito. Hilo tunaliweka karibu katika kila ramani yetu. Ila msingi wa sehemu mpya hushuka kidogo unapotulia, wakati wa zamani umekwisha kutulia, kwa hiyo pale vinapokutana acha nafasi maalumu ya kutenganisha kuta, la sivyo utaishi na ufa.

Ndani ya mita 40 zenyewe, vita ni dhidi ya nafasi inayopotea. Korido ya mita 1 kwa 6 imekula asilimia 15 ya nyumba yako, na hakuna atakayelala humo wala kupika. Mlango wa sentimita 80 unaofunguka ndani unachukua karibu nusu mita ya mraba ambayo huwezi kuweka kitu. Wa kuteleza hauchukui. Jiko na bafu vipeane mgongo kwenye ukuta mmoja ili mabomba yawe mafupi. Na tafadhali, usikubali ramani yenye madirisha upande mmoja tu. Mvuke wa kupika, wa kuoga na wa pumzi za watu wawili hujaa upesi katika nyumba yenye hewa kidogo, hujikusanya kwenye kuta baridi, na ukungu hufuata. Madirisha pande mbili na feni ya kutolea hewa bafuni ni lazima, hata ikibidi vigae visubiri.

Wengine hutuulizia nyumba za magurudumu. Zinapendeza, na bei ya kuanzia ni ya chini, lakini mahali pengi sheria huzihesabu kama chombo cha kukokotwa na siyo jengo, hivyo mkopo wa nyumba haupatikani, na bado unabaki na swali la ardhi ya kuiegesha. Kwa mtu anayetaka mali ya kudumu hatuzishauri.

Ukija ofisini kwetu, njoo na vitu vitatu: nakala ya hati ya kiwanja au ya nyumba unayoifikiria, kiasi unachoweza kulipa kila mwezi hata mwezi ule mbaya, na orodha ya watu utakaoishi nao miaka miwili ijayo. Kama tayari una ramani uliyochorewa na mtu mwingine, ilete pia. Tunaisoma bila malipo, tunaweka alama pale mabomba, paa au shimo vitakapokuzuia kupanua, na uko huru kurudi nayo kwa fundi wako mwenyewe.