Kwako mdogo wangu: hiyo sehemu ya meja usiijaze kwanza

Mdogo wangu, marahaba. Voisi zako zote nimesikiliza. Unauliza kwenye Common App, ile fomu moja ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, pale wanapokuuliza meja, yaani kozi kuu unayotaka kusoma, uandike uinjinia kama baba anavyotaka au uweke tu kwamba bado hujaamua.

Najua kwa nini inakuumiza kichwa. Huku nyumbani tumezoea mtu anachagua kombi akitoka form four, ukishaingia PCM (fizikia, kemia na hesabu) basi, na chuo unaomba kozi yenyewe, ukipangiwa ualimu ni ualimu. Marekani haiko hivo, afu mbaya zaidi hata wao kwa wao hawafanani. MIT kwa mfano mwaka wa kwanza wote wanaingia bila meja, unachagua mwaka ukiisha. Harvard ni mwaka wa 2, Brown una muda mpaka mwisho wa mwaka wa 2. Huko ukiandika fizikia leo ukaja kupenda uchumi hakuna atakayekufuata.

Lakini kwenye listi yako nimeona University of Washington na Illinois ya Urbana-Champaign, na hapo ndo nakuomba utulie. Hivyo ni vyuo vikubwa vya serikali, sayansi ya kompyuta inaombwa na watu wengi kupita kiasi kwahiyo wanachuja mlangoni kabisa, ukiingia kwa kozi nyingine ukitegemea utahamia baadaye, kuhamia huko ni karibu haiwezekani. Kama kompyuta ndo unaitaka kweli iandike sasa hivi. Na Cornell usisahau, pale unaomba kwenye kitivo, sio chuo kizima.

Kuna jamaa zako wamekuambia andika kozi isiyo na watu, Kigiriki cha kale huko, afu uhame. Hapana jamani! Wanaosoma fomu yako wanaona kila kitu, masomo yako yote ni fizikia na hesabu, klabu yako ni ya sayansi, halafu ghafla Kigiriki? Inaonekana tu. Na mimi sipendi uanze maisha ya chuo kwa uongo.

Hilo la baba niachie mimi nitaongea nae. Wasiwasi wake ni kazi, na ana pointi, manake ukiwa na viza ya mwanafunzi, ile F-1, ukimaliza unaruhusiwa kufanya kazi miezi 12, ila digrii za sayansi, teknolojia na hesabu zinaongezewa 24. Kinachoangaliwa ni digrii uliyomaliza nayo, sio ulichojaza kwenye fomu ukiwa form six. Na sio lazima iwe uinjinia, hata hesabu au takwimu kwa kawaida zimo.

Kwa hiyo usijaze vyuo vyote sawa. Ingia kwenye tovuti ya kila chuo utafute kitu kimoja tu, mwanafunzi akitaka kubadili meja wanamfanyaje, kama hawajaeleza waandikie imeili, wanajibu. Na pale wanapotaka insha ya kwa nini kozi hii, andika ile pampu ya maji ya shule mliyoifungua na mwalimu wa fizikia, jinsi ulivyonielezea ile vali ilivyokuwa imeziba, hata mimi nisiyejua kitu nilielewa.

Early, yaani mwisho wa maombi ya mapema, kwa vyuo vingi ni Novemba 1. Nitumie listi na majibu utakayoyapata, wikiendi hii nipo tunapitia chuo kimoja kimoja.