Shukrani kwa uliyetufundisha kusogeza kiti

Ahsante sana, wewe uliyeeleza, bila hata kuacha jina, mbinu ya kiti ya kumzoesha mtoto anayeogopa kulala peke yake: mzazi hukaa kitini hadi mtoto alale, na kiti husogezwa mbali kidogo kidogo. Kiti kikae kando ya kitanda usiku 3, kisha katikati ya chumba, kisha mlangoni, mwisho nje, mlango ukiwa wazi kidogo. Ulisisitiza jambo ambalo wengi hulikosea: mzazi asinyate kutoka bila kuaga, maana mtoto akishtuka na kukuta kiti kitupu, kesho atapigana na usingizi ili amlinde mzazi asitoroke. Aseme "narudi baada ya dakika 5", na arudi kweli, hata kama mtoto kanyamaza. Taa iwe hafifu, mahali isipotupa vivuli ukutani. Na ile "dawa" ya kujifanya, ya kupulizia chumbani ili kufukuza mazimwi anayoyaogopa mtoto? Uliikataa, nasi tunakuunga mkono: humthibitishia mtoto kwamba zimwi yupo.