Karatasi ile mama asiitie sahihi

Malindi

Mpendwa Riziki,

Assalaam aleikum. Alhamdulillahi mama yu hai baada ya kugongwa na matatu, na paja limeshaungwa kwa vyuma. Lililonikosesha usingizi ni habari ya mwenye matatu kuja wodini na Sh40,000 na karatasi ya kutia sahihi. Tafadhali, dada, mama asiitie. Katika ofisi ya wakili ninakofanya kazi nimezisoma nyingi za namna hiyo: huandikwa kwamba majeruhi amelipwa yote na hana dai tena. Na vile vyuma huenda vikahitaji kutolewa paja likishapona. Operesheni hiyo ya pili nayo ni sehemu ya dai lake, mradi daktari aieleze kwenye ripoti na gharama yake.

Umesema dereva ni kijana maskini na hamtaki kumfunga. Roho yako naijua. Ila kesi ya trafiki ni baina ya serikali na dereva. Akitozwa faini, mama hapati hata senti. Fidia hudaiwa kwa kesi ya madai, na hapo hushtakiwa dereva pamoja na mwenye gari, maana kijana alikuwa katika kazi yake. Mlipaji kwa kawaida ni kampuni ya bima. Kenya matatu hairuhusiwi barabarani bila bima ya mtu wa tatu, na mtu wa tatu mwenyewe ndiye mama, aliyekuwa akitembea zake pale Changamwe. Sheria, Sura ya 405, inaibana bima ilipe hukumu ya korti hadi Sh3 milioni. Kinachozidi hudaiwa mwenye gari. Lakini bima sharti iarifiwe mapema kwamba kuna kesi, la sivyo inapata upenyo wa kukataa. Muulize wakili hilo kwa kinywa chako.

Makanga anadai mama alivuka pasipo kivuko. Hata ingekuwa kweli, haki yake haifi. Korti hupima kosa la kila upande, ikaweza kupunguza fidia kwa kiasi cha kosa lake. Dereva naye ana wajibu wa kutazama mbele na kupunguza mwendo penye watu, na stejini pale watu huvuka kutwa nzima! Inaniuma kusikia mzee wa watu akilaumiwa angali kitandani.

Wiki hii nenda kituo cha polisi uhakikishe ajali imeandikwa kwenye OB, daftari lao la matukio, kisha uombe abstrakti, yaani muhtasari wa polisi kuhusu ajali. Humo mna nambari ya gari na jina la kampuni ya bima. Chukua na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, daktari aijaze. Rekodi ya umiliki tutaitafuta NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, kwa sababu aliyekuja wodini huenda siye mwenye jina kwenye logibuku, hati ya umiliki wa gari. Risiti usitupe hata moja, ya dawa, ya magongo, ya tuktuk ya kwenda kliniki. Gharama isiyo na ushahidi korti hailipi. Andika pia mama alikuwa akipata kiasi gani kwa siku kwenye mahamri yake, na mnamlipa nani amsaidie nyumbani sasa. Yule muuza samosa aliyeshuhudia, mwombe nambari ya simu leo, kabla hajahamia kwingine.

Muda wa kushtaki ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Usiungoje. Kupatana nje ya korti si vibaya, ila iwe baada ya daktari kujua mguu umefikia wapi, na wakili awepo. Wale mawakala wanaozunguka wodini wakisema wakili wao atachukua theluthi ya fidia, waepuke kabisa. Sheria ya Mawakili inakataza mapatano hayo.

Jumamosi nashuka Mombasa, inshallah. Kuna wakili huko mtaa wa Tudor ninayemwamini, twende kwake pamoja. Beba kitambulisho cha mama na karatasi zote za hospitali, picha za eksirei nazo usizisahau.

Wako akupendaye,
Mwanaidi