Mpwa wangu fundi mota, lile swali lako la sumaku

Mpwa wangu,

Marahaba. Ulipokuja Nyegezi uliniuliza swali, wageni wakatukatiza: kama superkondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote kikipozwa sana) inafukuza sumaku, mbona nasema zipo zinazojitengenezea sumaku zenyewe? Nakujibu hapa hadharani maana najua wenzako wa Kirumba nao watataka kubisha.

Chukua koili uliyosuka, vanishi ikiwa bado inanuka, uiunge kwenye betri. Dira ukiisogeza, sindano inageuka. Geuza waya za betri, sindano nayo inageukia upande wa pili. Sasa fikiria video ya elektroni zikizunguka humo, uirudishe nyuma: zinazunguka kinyume, na sumaku imegeuka. Hapo wanafizikia husema ulinganifu wa wakati umevunjika. Koili isiyo na umeme, irudishe nyuma utakavyo, huoni tofauti.

Superkondakta za kawaida, kama zebaki aliyoipima Kamerlingh Onnes mwaka 1911, ziko hivyo. Kwa nadharia ya Bardeen, Cooper na Schrieffer ya 1957, elektroni hutembea mbili mbili: mwendo wa moja ni kinyume cha mwenzake, na spini, yaani sumaku ndogo iliyomo ndani ya kila elektroni, vilevile. Wakati ukirudishwa nyuma, hii inakuwa ile, na jozi inabaki jozi. Ndiyo maana sumaku ni sumu kwao: inalazimisha spini zote mbili zielekee upande mmoja, jozi inavunjika.

Kisha mwaka 1994 kundi la Yoshiteru Maeno kule Japani likaja na oksaidi ya strontiamu na rutheniamu. Fuwele yake ikiwa safi hupoteza ukinzani kwenye kelvini 1.5 hivi, yaani nyuzi 271 na ushei chini ya sifuri. Uchafu kidogo tu, imekufa.

Mwaka 1998 Graeme Luke na wenzake wakaipiga kwa myuoni, chembe ndogo zenye spini kama elektroni ila nzito zaidi. Hapa ndipo utakapopapenda. Myuoni zinaingia spini zote zikielekea upande mmoja. Kila moja huishi wastani wa mikrosekunde 2.2, kisha hutema positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), na positroni hizo hupendelea upande ambao spini imeelekea. Kukiwa na sumaku ndani, spini zinayumbishwa, na mwelekeo wa positroni unapotea. Sumaku ya dunia yenyewe huzimwa kwanza kwa koili zilizouzunguka mtambo, ili isiharibu kipimo. Pamoja na hayo, jotoridi lilipofika pale ukinzani unapotoweka, myuoni zilianza kuyumba. Sumaku iliyoonekana ilikuwa kama gausi 0.5, karibu sawa na ile ya dunia.

Wengi wakasema basi, jozi za humo zina spini za upande mmoja. Mwaka 2019 vipimo vya mwangwi wa sumaku wa viini, vinavyosoma spini za elektroni kupitia viini vya atomu, vikaipiga chini hoja hiyo. Mimi nilifurahi, hadithi ilishakuwa nzuri kupita kiasi.

Lakini myuoni hazijakanushwa. Ukiibana fuwele upande mmoja, zinaonyesha sumaku ikianza kwenye jotoridi moja na ukinzani ukitoweka kwenye jingine. Wanaopima joto linaloingia kwenye fuwele hiyo hiyo wanapaswa kuona hatua mbili, nao wanaona moja tu. Mimi naegemea kwenye myuoni, ila sina la kuwajibu watu wa joto.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako, Nyegezi